Barua kwa mwanangu: kabla ya kuiuza Nakamichi

Mwanangu Zuhura,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema kuna mtu hapo Dar ameiona ile deki ya kaseti ya mjomba wako, Nakamichi BX-300, na anaitaka, nawe unauliza kama uiuze au uitengeneze ubaki nayo. Bei aliyotaja si mbaya. Lakini mimi nakuuliza kwanza: kanda umezipanga vipi? Maana ukiuza deki kabla ya kupanga kanda, utakuwa umeuza kitu ambacho hujui ni nini.

Mjomba alijua alichonunua. Wenzake walirudi kutoka Dubai na redio kaseti za spika mbili zenye taa, yeye akarudi na deki isiyo na spika wala redio, nyumba nzima ikamcheka. Hayo unayajua. Usichokijua labda ni sababu yake. Philips walipoitoa kaseti mwaka 1963 hawakuwa wakifikiria muziki mzito. Ilikuwa ya kurekodia maneno. Utepe wake una upana wa milimita 3.81 na unatembea sentimita 4.76 tu kwa sekunde. Kwa mwendo huo wa kobe, wimbi moja la sauti ya hezi 18,000 (mitikisiko kwa sekunde) linakaa ndani ya mikroni 2.6 za utepe; mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Hedi ya kuchezea, ile sumaku ndogo inayousoma utepe, lazima iwe na mwanya mwembamba kuliko hapo, la sivyo inalimeza wimbi zima isisikie kitu. Hedi ya kurekodi nayo inataka mwanya mpana zaidi, ili sumaku iingie vizuri ndani ya utepe. Deki za kawaida zina hedi moja inayofanya kazi zote mbili, na haifanyi hata moja kikamilifu. Mwaka 1973 Nakamichi walitoa deki yao ya 1000 yenye hedi tatu: ya kufuta, ya kurekodi na ya kuchezea. BX-300 ni mjukuu wa mashine hiyo.

Ina kapstani mbili, vijiti vya chuma vinavyozunguka na kuusukuma utepe, moja kila upande wa hedi. Ya nyuma inauzuia utepe kidogo, ya mbele inauvuta, kwa hiyo utepe unapita ukiwa umekaza wenyewe. Ndiyo maana hedi ya kuchezea ina kijisahani kinachokisukuma pembeni kile kipande cha sponji kilichomo ndani ya kaseti. Sponji husugua utepe na kuutikisa. Nakamichi hawakuihitaji, wakaiondoa njiani. Kitu kidogo, lakini mimi hunifurahisha kila nikikitazama.

Haya yote hayana faida hedi ikilala. Nimekwambia tangu ukiwa mdogo: kwenye kaseti, pembe kwanza, umeme baadaye. Mwanya wa hedi lazima ukatize utepe kwa digrii 90 kamili. Njia ya kila chaneli ya stereo ina upana wa milimita 0.6 hivi. Hedi ikipinda robo digrii tu, ncha ya juu na ya chini ya mwanya zinapishana mikroni 2.6, na hilo ndilo wimbi zima la hezi 18,000. Linajifuta. Hata chini ya hapo sauti kali zinafifia. Na kama kanda ilirekodiwa na Dolby, ule mfumo wa kupunguza mvumo wa kanda, Dolby ikiona sauti kali ni haba inadhani ni za kupunguzwa, inazipunguza tena. Wenye deki za kugeuza upande zenyewe walihangaika sana na jambo hili, kwa kuwa utepe ukirudi kinyume pembe haibaki ile ile. Mwaka 1982 Nakamichi waliipa deki yao ya Dragon mota ya kuinyoosha hedi huku kanda inacheza. Kisha wakaja na RX-505, ambayo inaitoa kaseti nje, inaizungusha kama mkono wa mtu, na kuirudisha ndani. Watu walicheka. Mimi naona lile ndilo jibu la kiungwana kuliko yote, maana hedi haiguswi kabisa.

Hedi yetu iliguswa. Unamkumbuka yule fundi aliyeitwa wakati kanda ya harusi ya shangazi yako ilipotoka imeziba? Kanda ile haikurekodiwa kwetu. Ilirekodiwa kwa redio kaseti ya mpiga picha, iliyokuwa na hedi iliyolala. Fundi akachukua bisibisi, akageuza skrubu ya hedi ya kuchezea mpaka fidla zikang'aa, watu wakapiga makofi. Kisha akajaribu kurekodi. Alichorekodi kikatoka kimefifia, bila shaka, kwa sababu hedi ya kurekodi ilikuwa bado imenyooka. Akaigeuza na hiyo ifuate mwenzake. Akapaka rangi juu ya skrubu zote mbili na kuchukua hela yake. Tangu siku ile deki ikawa inajisikia yenyewe tu. Ilirekodi vizuri na kucheza vizuri ilichorekodi. Kanda za zamani zote zikazibwa mdomo, na tukaambiwa ni utepe umechoka.

Nijisahihishe: yule mtu sikio alikuwa nalo, na kazi aliyoitiwa aliifanya. Lakini sikio bila kanda ya kupimia, ile yenye sauti iliyorekodiwa kwa hedi iliyonyooka kamili, ni hatari zaidi kuliko kutokuwa na sikio. Bado linaniuma.

Kwa hiyo zipange kanda mafungu mawili, za kabla ya harusi ile na za baada yake. Ya harusi yenyewe iende na za baada. Tafuta deki ndogo ya hedi mbili (ya kufuta, na moja ya kurekodi na kuchezea), ya bei rahisi, yenye mwendo mzuri, ambayo skrubu yake unaifikia kwa bisibisi nyembamba wakati kanda inacheza. Hiyo ndiyo ya kuchokoa. Zima Dolby, sikiliza kwa mono, yaani chaneli mbili zikiunganishwa kuwa moja, geuza taratibu mpaka "s" za mwimbaji zikae wazi. Mono inakuumbua haraka, kwa sababu hedi ikipinda kushoto na kulia hupishana na kufutana. Ukishapata, rudisha Dolby kama lebo inavyosema, ingiza kwenye kompyuta kwa biti 24. Kila kanda kabla ya hapo ipeleke mbele hadi mwisho kisha irudishe, utepe uachane. Za dakika 60 zina unene wa mikroni 18 hivi, za 90 zina 12, zitavumilia. Zile za dakika 120 ni mikroni 9 tu. Usizipeleke mbio, zicheze kwa mwendo wa kawaida mpaka mwisho.

Na Nakamichi? Ukiinyoosha kwa kanda ya kupimia ya hezi 10,000, hedi ya kuchezea kwanza na ya kurekodi baadaye, itakuwa kama ilivyotoka kiwandani, na kanda zote za baada ya harusi zitafifia ndani yake. Ukiiacha ilivyo, ni mashine pekee inayozisoma bila kuchokolewa. Kuna siku nasema iachwe na upinde wake, ni sehemu ya nyumba yetu. Halafu nasema hapana, kosa la fundi si urithi, na deki ndogo itazisoma. Basi nyoosha, ila baada ya kuhamisha. Kuhusu kuiuza sisemi, ingawa ulimi unaniwasha. Ni mali yako sasa.

Lakini usimruhusu mnunuzi aiwashe kabla hujafanya haya. Ile pete ya mpira inayopeleka nguvu ya mota kwenye vigurudumu vya kaseti huwa ngumu na kuteleza. Kapstani zinaendelea kusukuma utepe, kigurudumu hakiuvuti, utepe unarundikana na kujiviringisha. Mtu anasema deki imekula kanda, kumbe imeshindwa kumeza. Kuikwaruza kwa msasa laini kunasaidia kwa muda. Dawa ni pete mpya ya kipimo kile kile. Roli mbili za mpira zinazoukandamiza utepe kwenye kapstani zibadilishwe pamoja, maana zikitofautiana utepe unapanda na kukunjika ukingoni. Hedi na kapstani zisafishe kwa spiriti isiyo na maji na kijiti cha pamba. Mpira usafishe kwa maji na sabuni kidogo, spiriti inaukausha. Kifaa cha kuondoa sumaku kiwashe ukiwa hatua moja mbali, deki imezimwa na kanda ziko chumba kingine. Sogeza taratibu, ondoa taratibu, kizime ukiwa mbali tena.

Halafu ingiza kanda tupu, icheze upande mzima. Kanda zetu zisubiri mpaka hiyo itoke salama.

Mama yako