Maswali na majibu: nukta moja, nafasi ngapi?

Mwanangu, nilisomea uhazili Tabora mwaka 1981. Tulifundishwa kwamba baada ya nukta unaruka nafasi mbili, na aliyeruka moja alikatwa alama. Sasa kijana wa ofisini anafuta nafasi zangu huku nikimtazama, ati ni ushamba. Nani ana haki? (Mhazili mstaafu, Tabora)

Shikamoo mama. Kijana amekosa adabu, ila kwenye nafasi hajakosea.

Ulichofundishwa kilifaa mashine uliyokuwa nayo. Taipureta huipa kila herufi upana ule ule: "i" inapewa eneo sawa na "m", na nukta hivyo hivyo. Mashine za herufi kubwa, ziitwazo pica, zilitoa herufi 10 kwa inchi, za herufi ndogo, elite, 12. Ukurasa ukajaa mianya kila mahali, na jicho likapata taabu kuona sentensi inapoishia. Ndiyo maana mkaruka mara mbili. Fonti kama Times New Roman hupima kila herufi kwa upana wake, kwa hiyo nafasi moja tu inaonekana vizuri.

Lakini mwambie kijana jambo hili. Mwanya mpana haukuzaliwa na taipureta, ingawa kila mtu anarudia hadithi hiyo. Wachapaji wa Uingereza na Marekani waliopanga herufi za risasi kwa mkono katika karne ya 19 walikuwa wakiacha nafasi kubwa baada ya nukta kuliko kati ya maneno, tangu kabla kampuni ya Remington haijaanza kuuza taipureta mwaka 1874. Wachapaji wa vitabu waliiacha polepole katika karne ya 20. Wahazili mkabaki nayo kwa sababu mashine yenu iliidai. Huo ni ufundi wenye historia ndefu, na anayeuita ushamba hajui anachokisema. Sasa ruka moja, mama. Vidole vitazoea.

Baada ya nukta ni nafasi moja au mbili? (Wasomaji wanne, kwa maneno yale yale)

Moja. Baada ya koma, moja. Baada ya kiulizi, moja. Nimelijibu hili mara nyingi mno. Tafadhali someni majibu yaliyopita kabla ya kuuliza.

Msimamizi wangu anataka nafasi mbili kwenye tasnifu, anasema ni kanuni ya APA. Mwenzangu naye anasema utafiti umethibitisha kwamba mbili husomeka vizuri zaidi. (Mwanafunzi wa uzamili, Dodoma)

APA ni Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani, chenye mwongozo wa uandishi wa kitaaluma. Msimamizi wako anakumbuka toleo la 6 la mwongozo huo, la mwaka 2009, ambalo lilipendekeza mbili kwenye miswada. Toleo la 7 lilitoka Oktoba 2019 na linataka moja. Mwoneshe kwa heshima, lakini kwanza fungua mwongozo wa chuo chako, maana huo ndio utakaokupitisha au kukurudisha. Akishikilia mbili, mpe mbili, uhitimu.

Utafiti huo ninaufahamu. Ulifanyika Chuo cha Skidmore, Marekani, ukachapishwa mwaka 2018, kwa wanafunzi 60. Waliosoma kwa kasi kidogo zaidi ni wale waliokuwa na mazoea ya kuandika nafasi mbili, na uelewa haukubadilika. Tena maandishi yalikuwa katika Courier New, fonti yenye upana mmoja kwa kila herufi kama taipureta. Ukiletewa utafiti wa maandishi, anza kwa kuuliza fonti.

Na hukuuliza, lakini nakuonya: kagua marejeo yako. Jina lililotajwa kwenye aya na halimo kwenye orodha litakuumiza kuliko nafasi zote hizi.

Sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulizoea kuacha nafasi kabla ya alama ya kuuliza na ya mshangao. Kwa Kiswahili je? (Msomaji, Bujumbura)

Hapana, kwa Kiswahili alama inashikana na neno. Kwa Kifaransa mko sahihi, nanyi wa Bukavu na Lubumbashi pia, ila hata huko nafasi inayotakiwa ni ile isiyokatika. Ukiweka ya kawaida, kiulizi kinaweza kudondokea mwanzo wa mstari unaofuata.

Ninaowashangaa ni wa Dar es Salaam na Nairobi, ambao hawajawahi kusoma Kifaransa na bado wanaandika koma ikielea peke yake kati ya maneno mawili. Hao hawana udhuru.

Nina stesheneri Mwanza. Wateja wanaleta kazi zenye nafasi mbili, tatu, hata tano. Nazifutaje kwa haraka? (Mwenye stesheneri)

Ukiwa kwenye Word, bonyeza Ctrl na H. Kisanduku cha juu weka nafasi mbili, cha chini moja, kisha badilisha zote. Rudia mpaka kompyuta iseme haikupata kitu, kwa sababu nafasi tano haziishi kwa mzunguko mmoja. Word yenyewe ilianza kuzipigia mstari nafasi mbili mwaka 2020.

Ila kabla ya hapo washa alama ya ¶, inayoonyesha kila nafasi, uangalie. Wateja wengi hupanga tarehe, sahihi na hesabu kwa kugongagonga kitufe cha nafasi. Niliwahi kubadilisha zote bila kuangalia, bajeti ya kikundi ikaporomoka usiku wa kuamkia mkutano wao. Vitu vya kupangwa vipangwe kwa tabo au jedwali.

Na acheni kunyoosha kingo zote mbili za kila barua. Maneno yetu ni marefu. "Hawajatufahamisha" likikosa mahali mwishoni mwa mstari huhamia chini zima zima, na mashine inayatanua maneno yaliyobaki mpaka mstari unakuwa na mashimo. Uacheni ukingo wa kulia huru.

Tumetuma SMS za mwaliko wa harusi kwa watu wengi. Ujumbe una herufi 140 tu, lakini tumetozwa kama jumbe tatu. Ni nafasi mbili baada ya nukta? (Katibu wa kamati, Dar es Salaam)

Nafasi nayo huhesabiwa kama herufi, kwa hiyo ziondoe. Ila kilichowagharimu ni ritifaa, ile alama ya ' katika jina Chang'ombe kwenye mwaliko wenu. Mwaliko mliuandika kwenye Word, ikaipinda ritifaa, mkanakili hivyo hivyo. Ritifaa iliyonyooka imo kwenye herufi za kawaida za SMS, ambako ujumbe mmoja hubeba 160. Iliyopinda haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe wote hushuka hadi herufi 70, na ukigawanywa kila kipande hubeba 67. Vipande viwili ni 134. Zenu 140 zikadai cha tatu.

Andikeni upya neno hilo kwenye simu, ritifaa iwe imenyooka. Msiiondoe ili kuokoa pesa: "Changombe" haisomeki Chang'ombe, na wageni wenu wanakuja ukumbini kwa kusoma ujumbe huo.