Kahawa Niliyompa Mwanangu Ili Asome

Wiki iliyopita mama mmoja aliniandikia kuniuliza kama kuna ubaya kumpa bintiye wa darasa la saba kikombe cha kahawa kila usiku, kwa kuwa binti husinzia juu ya daftari kabla ya saa tatu na mtihani wa taifa ni Septemba. Kosa analotaka kulifanya nimekwisha kulifanya mimi, tena kwa bidii.

Nilikulia Tanga nikimwona baba na wenzake wakinywa kahawa chungu barazani, dele likiwa juu ya makaa na kashata kando, wakizungumza hadi usiku mwingi bila kupiga miayo, nami nikaamini kwamba kahawa hufungua akili. Mwanangu wa kwanza alipofika darasa la saba, akiwa na kilo 31, nilianza kumkorogea kahawa ya unga saa mbili usiku, na asubuhi nikampa chai ya rangi iliyokolea. Alikaa macho hadi saa sita, nami nikamsimulia wifi yangu kwa majivuno. Wiki ya tatu mwalimu wa hisabati aliniita, akafungua daftari mbele yangu: mistari ya juu ilikuwa na mwandiko ninaoujua, kisha tarakimu zikaanza kuteremka, na chini ya ukurasa palikuwa na mchirizi mrefu wa kalamu, pale alipopitiwa na usingizi akiandika. Wifi aliposikia alisema nimemgeuza mtoto kuwa mlinzi wa usiku. Miaka mitano imepita na neno hilo bado linanichoma, hasa kwa kuwa alisema kweli.

Kafeini, kile kiini cha kahawa na chai kinachofukuza usingizi, haimwongezei mtoto nguvu, bali huuzuia ubongo kupokea taarifa ya uchovu, na deni la usingizi hubaki palepale. Kwa mtu mzima, nusu yake huwa ingali mwilini baada ya saa tano hivi. Mwaka 2015 mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitaja kiwango kisicho na wasiwasi kuwa kafeini miligramu 3 kwa kila kilo ya uzito wa mtoto kwa siku, yaani 93 kwa mwanangu, ilhali kahawa yangu ya miligramu 60 hivi, pamoja na ile chai, ilitosha kuuvuka mpaka huo. Isitoshe, chai inywewapo pamoja na maharage au mchicha huupunguzia mwili uwezo wa kufyonza madini ya chuma, na mtoto aliyepungukiwa damu ndiye huyo anayesinzia darasani!

Wazazi wenzangu, tuwalaze watoto. Mtoto wa miaka 12 anahitaji usingizi wa saa tisa au zaidi, na hakuna birika linaloweza kuzifidia. Nilimpunguzia kahawa kidogo kidogo, maana siku niliyomkatiza ghafla aliumwa kichwa kutwa nzima, kisha nikamzoesha kulala saa mbili na nusu na kuamka saa kumi na moja na nusu. Alifaulu, na barua ya kuchaguliwa kwake kuingia sekondari niliipeleka kwa wifi kwa mkono wangu mwenyewe. Narudia, walazeni.

Yule mama nimemjibu kwa kumwuliza bintiye hutoka tuisheni saa ngapi. Amesema saa moja na nusu usiku.