Wabuki, watu wa Madagaska, ni watu wa Borneo au ni ndugu zetu?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Chuoni ninasoma na dada wawili kutoka Madagaska. Wa Antananarivo ukimwona utadhani katoka Indonesia. Mwenzake wa Toliara ungekutana naye hapa mjini ungemsalimia kwa Kiswahili bila kujiuliza. Lakini lugha yao ni moja, wanaelewana kabisa. Asili yao hasa ni wapi?
Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Swali lako limenirudisha sokoni Mahajanga, mji wa bandari wa Madagaska, nilikofika zamani bila neno hata moja la Kimalagasi. Muuzaji wa kuku alikuwa akinadi akoho wake. Nikauliza majina ya wanyama wengine kwa kuwaonyesha kidole: ng'ombe ni omby, mbwa ni amboa, punda ni ampondra, na yule ndege wa madoadoa tunayemwita kanga, wao ni akanga. Nilijiona nimefika kwa shangazi.

Kisha yule muuzaji akaanza kuhesabu chenji yangu: iray, roa, telo, efatra, dimy. Hapo nikapotea.

Hesabu ile imetoka mbali sana. Mwaka 1951, Otto Christian Dahl, mmisionari wa Norwei aliyekuwa pia mwanaisimu, alionyesha kwamba ndugu wa karibu wa Kimalagasi ni Kima'anyan, lugha ya watu wa bonde la mto Barito, kusini mashariki mwa Borneo, kisiwa cha Asia ambacho sehemu yake kubwa ni ya Indonesia. Wao tatu ni telu, nne epat, saba pitu. Wamalagasi husema telo, efatra, fito. Kimalei nacho ni jamaa yao: mbingu ni langit, mwezi bulan, jiwe batu, na Madagaska ni lanitra, volana, vato. Kati ya Borneo na Madagaska kuna bahari ya zaidi ya kilomita 7,000, ilhali Msumbiji iko kama kilomita 400 tu kutoka Madagaska.

Chembe za urithi zimesema vivyo hivyo. Utafiti wa mwaka 2005 ulikuta asili ya Afrika na ya Borneo zinakaribiana nusu kwa nusu, upande wa baba na upande wa mama pia. Mwingine wa 2012 ulikadiria kwamba waasisi wa kike kutoka Indonesia walikuwa 30 hivi, miaka kama 1,200 iliyopita. Wanawake 30! Kila nikikumbuka idadi hiyo nawawaza wale akina mama ndani ya chombo, na mbegu za mpunga kando yao.

Kwa hiyo rafiki zako wote wawili wana pande zote mbili. Nyanda za juu, kwa akina dada wa Antananarivo, asili ya Asia ina uzito zaidi; pwani, ya Afrika ndiyo inayozidi.

Hapa nataka kusahihisha jambo linaloniuma. Nimesikia watu wakisema kwamba Mwafrika alifika kule kama mtumwa tu. Ni kweli wengi walivushwa kwa nguvu kutoka Msumbiji, hasa karne ya 19, na wazao wao mpaka leo huitwa Makoa. Lakini mchanganyiko wenyewe ulianza karne nyingi kabla ya hapo. Tazama tena majina ya mifugo. Ng'ombe ndiye heshima ya Mmalagasi, ndiye anayechinjwa kwenye mazishi makubwa, na jina lake ni la Kibantu. Aliyeleta jina alileta na ufugaji.

Nasi pia tulipokea kitu kutoka kwao. Ngalawa zenu za Tanga, zenye mbao mbili za kuzuia chombo kisipinduke, zinafuata ufundi wa mabaharia hao wa Asia. Wazee wa pwani walikijua kisiwa kile kwa jina la Bukini, na wenyeji wake Wabuki. Unguja bado kuna ngoma ya kibuki, yenye mizimu ya wafalme wa huko.

Ukikutana na dada hao, mwombe wa Antananarivo akutajie siku za wiki. Akifika alakamisy na zoma hutahitaji mkalimani, maana hizo sisi na wao tumezipata kwa Waarabu. Kisha mwulize mama yake humwitaje ng'ombe.