Maswali ya Wasomaji: Madaftari ya Manusura

Ndugu mhariri, kikundi chetu cha manusura wa vita hapa Gulu kina madaftari ya majina ya waliouawa na waliotekwa. Mchwa wameanza kuyala. Tuyapige picha kisha tuyatupe? — Msomaji, Gulu

Msitupe hata ukurasa mmoja. Katika kesi ya Dominic Ongwen, kamanda wa zamani wa kundi la waasi la LRA, huko ICC (Mahakama ya Kimataifa ya Jinai), iliyoamuliwa mwaka 2021, madaftari ya kunasa mawasiliano ya redio ya LRA yalikuwa ushahidi mzito. Jeshi, polisi na idara ya usalama ya Uganda waliandika kila mmoja kivyake, ndiyo maana mahakama iliweza kuyalinganisha. Picha haiwezi kuonyesha wino uliobadilika wala ukurasa uliochanwa.

Ng'oeni pini za chuma. Kutu hutoboa karatasi. Selotepu na lamination (kufunika karatasi kwa plastiki) ni marufuku, maana hazibanduki bila kuharibu maandishi. Andikeni namba za kurasa kwa penseli. Tumieni maboksi ya kadibodi, si mifuko ya plastiki inayofungia unyevu na kuleta ukungu. Rafu iwe ya chuma, sentimita 15 juu ya sakafu na isiguse ukuta, kwa kuwa mchwa hupandia ukutani.

Skeni kwa dpi 300 (nukta 300 kwa inchi) bila kurekebisha chochote. Picha za simu zihamishwe kwa waya. WhatsApp huzibana na kufuta tarehe na mahali zilipopigwa, halafu watu hushangaa wakili akizikataa. Wekeni nakala tatu, moja nje ya Gulu.

Kinachoangusha ushahidi mara nyingi ni pengo la ulinzi, yaani kutojulikana nani alikuwa na daftari wakati fulani, kuliko mchwa. Fungueni daftari la makabidhiano: nani alichukua, lini, kwa kazi gani, alirudisha lini, sahihi. Majina ya wanawake waliotekwa yafungiwe kando, yatajwe kwa namba tu, na kila mmoja aseme kama anakubali yasomwe, na yasomwe na nani. Sheria ya Uganda ya kulinda data ya 2019 inawahusu na ninyi pia.

Marehemu baba alikamatwa miaka ya 1970. Nitapataje faili lake? — Msomaji, Arua

Andika ombi chini ya Sheria ya Kupata Habari ya 2005. Taja ofisi, wilaya na mwaka. Ukiomba "kila kitu kuhusu baba" utazungushwa. Ofisi ina siku 21 kujibu, na ikinyamaza huhesabiwa imekataa, hapo unaweza kulalamika kwa hakimu mkuu. Hifadhi muhuri wa siku uliyopeleka barua. Ulizia pia Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Wandegeya, Kampala.