Sweta lisilo na mshono, nililolifumua mara tatu

Msomaji mmoja wa Njombe kaniandikia juzi: "Dada, hilo sweta la kufuma kwa mzunguko linaishaga kweli, au utatuonyesha shingo mpaka lini?" Nilicheka, halafu ikaniuma. Limeisha. Jumapili nimelivaa kanisani hapa Uyole, Mbeya, na kwa baridi hii ya Julai sikujitanda hata kitenge.

Nilianzia shingoni na vitanzi 80: mgongo 30, kifua 30, kila mkono 10. Nikaunganisha mzunguko bila kukagua, kumbe vimejipinda kwenye sindano. Hilo halina dawa, unafumua tu. Mara ya pili shingo ikakaza, kichwa hakipiti. Siku hizi vitanzi vya kwanza naviweka juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha nachomoa moja.

Ya tatu ndiyo iliyonitoa machozi. Kila mzunguko wa pili unaongeza vitanzi 8, viwili kwenye kila mmoja wa mistari minne, pale mkono unapokutana na mgongo au kifua. Nikaongeza mara 27 bila kukosea. Mgongo 84, kifua 84, mikono nikaihifadhi kwenye uzi, nikaweka 12 chini ya kila kwapa. Jumla 192. Kwa vitanzi 20 kila sentimita 10, hapo ni sentimita 96, saizi yangu. Nikashuka mpaka kiunoni. Shangazi akaja na wageni wake, nikalivaa kwa mbwembwe.

"Mwanangu, hiyo si ni soksi?"

Wote wakacheka. Mpaka leo nikimwona nasikia kile kicheko.

Kosa lilikuwa kipande cha majaribio, kile cha kuhesabia vitanzi vinavyoingia kwenye sentimita 10. Nilikifuma mchana, kwenda na kurudi. Sweta nikalifuma usiku, kwa mzunguko, mkono umekaza kwa baridi, vikawa vitanzi 22 badala ya 20. Viwili tu, na kifua kikabaki sentimita 87! Na nilishaona linabana tangu mapema, nikajidanganya litalegea likifuliwa.

Sasa ninyi mnaoniomba "mchoro", pimeni kwanza. Kipande kifumwe kwa mzunguko, saa ileile unayofumaga. Ukifika kwapani hamishia vitanzi kwenye uzi mrefu, livae, jitazame kwenye kioo. Usione uvivu. Wengi mnataka picha ya kurusha tu, kupima hamtaki, halafu mnasema sindano ni mbovu. Pimeni, jamani.

Uzi nilipata soko la Mwanjelwa, kwenye mitumba: sweta kubwa la sufu, nikalifumua, nikaloweka uzi kwenye maji ya vuguvugu na kuuanika unyooke. Geuza ndani kabla hujalipa. Kama limekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, uzi utatoka vipande vipande.

Mikono sina la kusimulia, ni kuzunguka tu na kupunguza. Ila wa kushoto umeuzidi wa kulia mizunguko mitatu. Nimeukunja. Shangazi hajaona.