Mwezi hauliwi na kivuli cha Dunia

Mama Neema, swali la mwanao ni zuri: mbona mwezi unapungua hadi unabaki kipande? Wengi hapa mmemjibu kwamba ni kivuli cha Dunia. Hapana, hicho ni kupatwa kwa mwezi, na hutokea mara chache.

Mwezi hauna mwanga wake, unaakisi wa jua tu. Nusu yake daima imemulikwa. Sisi tunaiona yote au kidogo kutegemea umefika wapi katika kutuzunguka. Mwandamo hadi mwandamo ni siku 29 na nusu hivi.

Mpeleke Kibirizi, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika hapa Kigoma, jioni ya mwezi mpevu. Jua likizama upande wa Kongo, mwezi nao unachomoza nyuma ya mji. Viko pande mbili, sisi katikati, ndiyo maana tunauona mzima. Na mwonyeshe mitumbwi iliyopumzika: ziwa likishakuwa jeupe hivyo, taa za wavuvi haziwavuti dagaa vizuri. Hilo hatalisahau kwenye mtihani!

Ukubwa je? Chukua mpira wa miguu uwe Dunia, na limau dogo liwe mwezi. Sasa uliweke limau mbali, mita 6 na nusu hivi. Watoto huliweka karibu mno (hata mimi niliwahi).

Ile "nyota" kali ya magharibi aliyoitaja mwanao, kama haimetimeti, yaelekea ni Zuhura. Ni sayari, ya pili kutoka kwenye jua.