CG125 ya zamani inazima ukikata kona, honi haina nguvu: pima kabla hujanunua CDI

Mwangaluka mkuu. Nimesoma maelezo yako mara mbili. Una Honda CG125 ya zamani hapo Urambo, umeshabadili betri mbili na rektifaya moja (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri), lakini bado honi inalia kwa unyonge, indiketa zinawaka bila kupepesa, taa kubwa inafifia ukiwa silensa (injini inaunguruma bila kuvutwa moto), na wiki hii imeanza kuzima ghafla ukikata kona. Fundi amekwambia ununue CDI, kile kiboksi cha umeme kinachotoa cheche ya plagi. Usinunue kwanza.

Mimi nina CG tangu 2009, naizungusha Tabora, Sikonge na vijiji vya ndani kufuata asali. Nimeshalipia vifaa ambavyo havikuwa na kosa, na inaniuma nikiona mwenzangu anapita njia ileile. Pikipiki ikishakula miaka, mara nyingi kifaa ni kizima. Kinachochoka ni maungio: soketi zimeingia vumbi la kiangazi, masika yakaja yakaongeza maji, shaba ikaota ukijani.

Kwanza elewa kuwa pikipiki yako ina umeme wa aina mbili. Kama ni ya CDI na siyo ile ya platini, cheche ya plagi inatoka kwenye koili yake ndani ya magneto (jenereta ndogo inayozungushwa na injini), haitegemei betri. Nyingi pia zinawasha taa kubwa moja kwa moja kutoka magneto. Jaribu: washa swichi bila kuwasha injini. Kama taa kubwa haiwaki mpaka injini iungurume, basi kufifia ukiwa silensa ndivyo ilivyoundwa, wala betri mpya haitabadili kitu. Honi, indiketa na taa ya breki ndizo zinazokula betri. Kwa hiyo una matatizo mawili tofauti, na ukiyachanganya utabadili vifaa mpaka mwisho wa mwaka.

Tuanze na hilo la kona kwa sababu ni la hatari. Kwenye mfumo huu swichi haizimi injini kwa kukata umeme. Inazima kwa kuupeleka ethi (yaani kwenye chuma cha fremu, upande wa hasi) waya mmoja wa CDI, na kwa Honda huwa ni mweusi wenye mstari mweupe. Maana yake ni kwamba waya huo ukikatika, injini inaendelea kuunguruma. Ukichubuka na kugusa fremu, inazima. Wengi wanatafuta waya uliokatika, kumbe wa kutafutwa ni unaogusa.

Lilinikuta 2014 nikitoka Ipole kurudi Sikonge, giza limeshaingia, nyuma nina madumu mawili ya asali. Kila nikikunja sukani kushoto kukwepa shimo, injini inakata. Nikinyoosha, inashika tena. Nilisimama, nikafungua bakuli la taa kubwa, nikawa napitisha kidole kwenye mkanda wa nyaya pale unapozunguka shingo ya sukani. Tepe ilikuwa imelika, na chini yake ule mweusi wa mstari mweupe umechubuka mahali padogo kama punje ya mchele. Shaba yote niliyoiona kwenye bakuli ilikuwa imefifia, ila hapo ilikuwa inang'aa, kwa sababu ilikuwa inasuguliwa na chuma kila nikikata kona. Nilichana kipande cha mpira wa ndani wa tairi, nikaufunga, nikafika nyumbani bila kuzimika tena.

Wewe fanya hivi. Chomoa waya huo pale kwenye CDI, funga ncha zote mbili kwa tepe (usiishike mtupu injini ikiwaka, inarusha umeme mkali). Piga kiki, iweke fri, kunja sukani mpaka mwisho huku na huku. Ikiacha kuzima, kosa liko kwenye waya huo au kwenye swichi, na CDI yako ni nzima. Kumbuka swichi haitaizima injini wakati huo. Tia gia ya tatu, kamata breki zote mbili, achia klachi taratibu, itakufa yenyewe.

Sasa honi na indiketa. Hapa ndipo mita inapowadanganya watu. Ukipima volti kwenye waya ambao haujabeba mzigo, hata ukiwa umebaki uzi mmoja wa shaba utasoma 12 na zaidi, ukaridhika. Mpe mzigo ndipo uone. Taa ya breki ya wati 21 inavuta karibu ampea 1.75, na ungio likiwa na ukinzani wa omu moja tu, linakuibia volti kama moja na nusu. Ndiyo maana natembea na balbu ya indiketa niliyoiunga nyaya mbili. Ikiwaka vizuri, njia ni nzima. Ikiwa nyekundu ya kufifia, njia ni mbovu hata kama mita inasema vingine.

Kwangu, betri ilisoma 12.6, lakini kwenye taa ya breki, breki ikiwa imekanyagwa, ikawa 10.8. Volti 1.8 zimepotelea njiani. Nikaweka ncha moja ya mita kwenye kichwa cha hasi cha betri na nyingine kwenye chuma cha soketi ya balbu, breki bado imekanyagwa: 1.5. Hapo panatakiwa pasizidi 0.2. Kwa hiyo karibu hasara yote ilikuwa upande wa ethi. Nilifuata waya wa kijani (kwa Honda kijani ndiyo ethi) mpaka kwenye boliti chini ya tenki. Mwaka uliotangulia nilikuwa nimeipaka fremu rangi, na nikafunga kikuku cha ncha ya waya huo juu ya rangi! Nilikwangua kwa msasa mpaka chuma cheupe, nikafunga, nikapaka grisi kwa juu. Ikasoma 0.1. Honi ikarudi na indiketa zikaanza kupepesa, maana flasha za zamani zinahitaji mkondo wa kutosha ili zipepese. Na yako, je, imewahi kupakwa rangi?

Kabla ya yote hayo, kuna jaribio lisilo na gharama: chukua waya mnene, unganisha hasi ya betri na boliti safi ya injini, halafu piga honi. Ikilia kwa nguvu, umeshajua pa kushughulikia.

Kuhusu chaji nitasema kwa ufupi. Betri iliyopumzika usiku kucha isome 12.6 mpaka 12.8. Injini ikivutwa moto, ipande kati ya 13.5 na 14.8. Ikipita 15, rektifaya haizuii tena na maji ya betri yatachemka. Isipopanda kabisa, angalia soketi ya rektifaya kabla ya rektifaya yenyewe. Tena ubadili betri ya mita yako, kwa sababu zile mita za bei nafuu betri yake ya volti 9 ikichoka inasoma juu kuliko ukweli. Na kama unachajia kwenye paneli ya jua bila kontrola, acha. Paneli inayoitwa ya volti 12 ikiwa juani bila mzigo inafika 20 hivi, na kibetri cha ampea-saa 5 kinataka chaji ya nusu ampea tu. Huenda ndiko betri zako mbili zilikoishia.

Usiazime ramani ya rangi za nyaya kutoka kwa rafiki mwenye Yamaha. Kwa Yamaha mweusi ndiyo ethi, kwa Honda mweusi unabeba chanya kutoka kwenye swichi. Ukiunga kwa kufuata ile, fyuzi itakatika, na kama mtu alishaweka karatasi ya sigara badala ya fyuzi, mkanda wote utayeyuka chini ya tenki. Inua kiti ukaangalie sasa hivi kama fyuzi yako ni fyuzi kweli. Na kama unaihifadhi kwenye chumba cha karanga au mahindi, kagua na alama za meno ya panya.

Anza na ule waya wa CDI leo kabla hujabeba abiria. Kesho pima taa ya breki, unipe namba tatu: kwenye betri, kwenye balbu, na upande wa ethi.